Je, Kudai Ujira ni Kukosa Adabu?

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Sahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu msomaji, liko suala moja ambalo katika miji yetu ya pwani huulizwa kwa sauti ya chini, tena pembeni, baada ya darsa kwisha na watu kutawanyika. Nalo ni hili: Mtu amefanya kazi kwa tajiri mdogo, yaani mwenye duka la reja reja, au mwenye mkahawa, au fundi mwenye vyerehani vinne, au mwenye tanuri la mikate. Kazi ameifanya, lakini ujira wake haukulipwa, au umelipwa nusu. Je, akiudai, na akafika hadi ya kumwita tajiri wake mbele ya wazee au mbele ya sheria, huwa amekosa adabu? Na akinyamaza, je, huko ndiko kusubiri kulikosifiwa na dini?

Wengi wetu hujibu upesi ya kwamba kunyamaza ndiyo heshima. Sisi twaona ya kwamba jibu hilo si la dini wala si la akili, na ya kwamba limezika haki za watu wengi. Tutaeleza sababu zetu, na msomaji atapima.

Kwanza yafaa tujue ni nani tunayemzungumza. Hatumzungumzi mfanyakazi wa bandarini. Huyo ana chama chake, na ana historia yake. Mwezi wa Januari 1947 maelfu ya wafanyakazi wa Mombasa waligoma, wakawa wakikutanika Kiwanja cha Maskini, na makampuni pamoja na serikali ya wakati ule zikalazimika kuwasikiliza. Lakini kijana wa dukani atagoma na nani? Wao ni wawili au watatu tu. Tena tajiri wao si kampuni. Ni mtu ajulikanaye kwa jina na ukoo, aswaliye nao safu moja, pengine ni ami yake mmoja wao, au rafiki wa marehemu baba yake. Kwa hivyo dhulma inayopita hapo haina sura ya dhulma. Ina sura ya mambo ya nyumbani, na mambo ya nyumbani hayatolewi nje. Hapo ndipo penye mtego.

Tuseme kijana ameajiriwa kwa shilingi 18,000 kwa mwezi. Mwisho wa mwezi wa kwanza akapewa 12,000, akaambiwa, "Hizi nyingine utazipata, biashara imelala kidogo." Mwezi wa pili vivyo hivyo, na wa tatu. Kila mwezi hubaki shilingi 6,000, na kila mwezi maneno ni matamu: "Wewe ni mwanangu, mimi na wewe hatuhesabiani." Ikapita miezi kumi. Sasa deni ni shilingi 60,000, na kijana ana mke na mtoto, na mwenye nyumba amemgongea mlango. Siku alipojikaza akauliza, maneno matamu yakageuka: "Leo wanihesabia? Si mimi niliyekutoa barazani ulipokuwa huna kazi? Si kwangu ulipokula mchana kila siku?" Kijana akainamisha kichwa, akatoka, na mjini ikasemwa ya kwamba hana shukrani.

Basi na tuulize: ujira ni kitu gani? Katika sheria ya dini yetu, kuajiri ni mapatano ya kuuziana. Mfanyakazi huuza manufaa ya nguvu zake na wakati wake, na tajiri huyanunua kwa thamani inayojulikana. Manufaa hayo yakisha kupokelewa, thamani yake huwa ni deni katika dhima ya tajiri, kama deni la gunia la sukari. Si zawadi, si msaada, wala si malipo ya tabia njema. Tajiri asemaye "nilimsaidia kijana huyu kwa kumpa kazi" amechanganya mambo mawili. Kumpa kazi huenda kulikuwa ni wema, na malipo ya wema yako kwa Mungu. Lakini ujira si sehemu ya wema huo, na wema wa jana haulipi deni la leo.

Itazame Qur'ani inavyosimulia habari za Nabii Musa, amani imshukie, alipofika Madyan hali ya kuwa mkimbizi asiye na kitu. Aliwanyweshea wanyama mabinti wawili kwa hisani, hakuomba malipo. Hata hivyo baba yao, mzee mwema, alimpelekea binti mmoja kumwita ili amlipe ujira wa kazi ile. Kisha walipopatana kazi ya kudumu, muda ulitajwa waziwazi: miaka 8, na akitimiza 10 ni kwa hiari yake. Mzee hakutumia dhiki ya mgeni kumfanyisha kazi bure, wala hakumwambia ya kwamba chakula na pahali pa kulala vyatosha, wala hakuacha mapatano yaelee hewani. Haya yamo katika Sura ya al-Qasas, nasi twaisoma mara nyingi bila kuisikia.

Ama Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametuamuru tumpe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Na katika hadithi iliyopokewa na Imam Bukhari, Mwenyezi Mungu amewataja watu watatu ambao Yeye Mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama: aliyetoa ahadi kwa jina Lake kisha akavunja, aliyemuuza muungwana akala thamani yake, na aliyemwajiri mfanyakazi, akapata kwake kazi kamili, kisha asimpe ujira wake.

Ndugu msomaji, usipite hapo haraka. Kwa nini mwenye kuzuia ujira akatajwa pamoja na mwenye kuuza watu? Wanazuoni walioisherehesha hadithi hii wamesema ya kwamba mwenye kutumia nguvu za mtu bila ya malipo amemfanya mtu huru kuwa mtumwa, ingawa hakumtia mnyororo. Sisi watu wa pwani twalielewa neno hilo kuliko wengine. Utumwa ulikuwa katika mashamba yetu na majumba yetu, na katika pwani hii ya Kenya haukukatazwa na sheria mpaka mwaka 1907. Twajigamba leo ya kwamba umekwisha. Umekwisha katika vitabu vya serikali. Lakini kila pahali ambapo mtu huamka alfajiri akafanya kazi hadi usiku na mwisho wa mwezi akaambiwa "njoo kesho", kipande chake bado kipo.

Sasa na tuzisikilize hoja za matajiri, kwani si haki kumhukumu mtu asiyesikilizwa.

Hoja ya kwanza ni kuwa biashara ni mbaya. Hoja hii huenda ikawa kweli, na dini imeipa nafasi yake. Katika Sura ya al-Baqara, aya ya 280, Mwenyezi Mungu ametuamuru tumngoje mdaiwa aliye katika dhiki mpaka apate wasaa. Lakini Mtume ametufundisha vile vile ya kwamba mwenye uwezo kuchelewesha deni ni dhulma. Basi kazi ni kujua nani mwenye dhiki na nani mwenye uwezo, nasi twaleta kipimo kimoja chepesi.

Mtazame tajiri asemaye hana. Mwenye ghala aliyemkopesha mchele amemlipa, kwa kuwa asipomlipa hatapewa mwingine. Mwenye nyumba amemlipa kodi, kwa kuwa asipomlipa mlango utatiwa kufuli. Stima amelipa, kwa kuwa ingekatwa. Aliyebaki ni kijana, naye hakulipwa kwa sababu moja tu: hana ghala la kufunga, wala kufuli la kutia, wala waya wa kukata. Basi tajiri huyu hakukosa fedha. Aliwapanga wadai wake kwa kadiri anavyowaogopa, na yule asiyemwogopa akamweka wa mwisho. Lau angaliiamini kwa moyo ile hadithi ya watu watatu, angalijua ya kwamba katika wadai wake wote hakuna wa kuogopwa kuliko kijana yule, kwani nyuma ya kijana yuko Hasimu asiyeshindwa.

Mwenye dhiki ya kweli hujulikana. Huonyesha daftari lake. Hupunguza matumizi ya nyumbani mwake kabla ya kupunguza ujira wa mtu. Hutaja siku ya kulipa, na siku hiyo ikifika hulipa hata kama ni kidogo. Na zaidi ya yote, humwambia mfanyakazi wake mapema, ili naye achague: abaki kwa subira au akatafute riziki kwingine. Ama kumwacha mtu aendelee kufanya kazi mwezi baada ya mwezi, ilhali wajua hutamlipa, ni hadaa.

Hoja ya pili ni ujamaa: "Huyu ni mtoto wetu." Twasema, ujamaa huongeza haki, haupunguzi. Ikiwa mgeni alipwa kwa ukamilifu kwa kuwa ni mgeni, na jamaa akapunjwa kwa kuwa ni jamaa, basi udugu umekuwa hasara, na atakayevunja udugu huo ni mwenye kupunja, si mwenye kudai. Na chakula cha mchana, ikiwa kiliwekwa katika mapatano kuwa ni sehemu ya ujira, kihesabiwe. Ikiwa hakikuwekwa, kilikuwa ni ukarimu, na ukarimu hauandikiwi hesabu baadaye.

Hoja ya tatu ni hasara: "Alivunja, alipoteza, fedha zilipungua." Dini imesema ya kwamba mfanyakazi ni mwaminiwa juu ya mali iliyo mikononi mwake, halipi kilichoharibika ila kwa uzembe au kwa kuvuka mpaka. Sheria ya nchi nayo yakaribia hapo: yaruhusu kukatwa kiasi cha haki pale mfanyakazi aliposababisha hasara kwa makusudi yake. Si halali hasara zote za dukani, na panya, na wezi, na mikopo ya wateja wasiolipa, kubebeshwa kijana mmoja kwa kuwa yeye ndiye aliye karibu.

Liko jambo jingine ambalo latutia uchungu zaidi, kwa kuwa limevaa nguo za ibada. Utamwona mtu ana deni la ujira wa watu watatu, na mwezi wa Ramadhani atuma magunia ya mchele msikitini, afuturisha watu mia, na jina lake latajwa kwa sifa. Mwaka ujao aenda Umra. Twauliza: mchele ule ni wa nani? Sadaka ni hiari, na deni ni faradhi. Na mwenye kutoa ya hiari kwa mali aliyozuia katika ya faradhi amewalisha maskini kwa jasho la maskini mwingine. Mtume alijizuia kumswalia maiti aliyeacha deni la dinari tatu tu, mpaka Sahaba Abu Qatada alipojitwika deni lile. Na ametupa habari ya kwamba shahidi husamehewa kila kitu isipokuwa deni. Mfano wa mtu huyu ni yule muflisi aliyesimuliwa katika hadithi ya Imam Muslim, atakayekuja Kiyama na swala na saumu na zaka, kisha thawabu zake zote zigawiwe wale aliowatukana na aliokula mali zao, mpaka asibaki na kitu.

Wala tusiwaseme wenye maduka peke yao. Zipo kamati za madrasa zetu ambazo humcheleweshea mwalimu mshahara miezi mitatu, kisha zikamwambia ya kwamba malipo yake yako kwa Mungu. Malipo ya elimu yako kwa Mungu, hapana shaka. Lakini mshahara mlimwahidi ninyi, na Mungu hakuwaombeni mumbebeshe deni lenu. Na majumbani mwetu wamo watumishi wa kike ambao ujira wao hungoja mpaka bibi wa nyumba amalize haja zake za arusi. Hao pia wanaingia katika maneno haya.

Tumefika kwa mfanyakazi mwenyewe. Yeye huzuiwa na mambo mawili: haya, na neno "nimemwachia Mungu."

Ama haya, tukumbuke ya kwamba mtu mmoja alimdai Mtume mwenyewe, akamsemesha kwa ukali. Sahaba walitaka kumtia adabu. Mtume akawakataza, akawaambia wamwache, kwa kuwa mwenye haki ana nafasi ya kusema; kisha akaamuru alipwe, tena kwa kilicho bora kuliko alichodai. Ikiwa mtu aliweza kumdai mbora wa viumbe, na akasikilizwa, ni tajiri gani wa Mombasa au Malindi au Lamu aliye mtukufu hata asiweze kudaiwa?

Ama kumwachia Mungu, ni neno zuri likitoka pahali pake. Mtume alimfundisha bedui amfunge ngamia wake kisha amtegemee Mungu. Mwenye kuacha haki yake ipotee bila ya kuinua mdomo hakumfunga ngamia. Na kusamehe ni daraja kubwa, lakini mwenye kusamehe ni yule awezaye kuchukua akaacha. Asiyeweza kuchukua hakusamehe. Amenyang'anywa, na neno "nimesamehe" ni kifuniko cha aibu ya wengine. Tena msamaha una mipaka. Nafaka ya mke na watoto ni wajibu juu yake. Mtu hana ruhusa ya kumkarimu tajiri kwa maziwa ya mtoto wake.

Hapa lazuka swali gumu, nalo huulizwa sana na vijana: "Ikiwa amenizuilia haki yangu, na fedha za duka ziko mikononi mwangu, je, siwezi kujilipa mwenyewe kidogo kidogo?" Hatutaki kulikwepa. Wanafiqhi walilizungumza jambo hili zamani. Walioruhusu, na wakubwa wao ni wa madhehebu yetu ya Shafi, walishika kisa cha Hind, mke wa Abu Sufyan, aliyemlalamikia Mtume kuwa mumewe ni bahili, akaruhusiwa achukue katika mali yake cha kumtosha yeye na wanawe kwa wema. Waliokataza walishika hadithi ituamuruyo tumrudishie amana aliyetuamini, wala tusimkhini aliyetukhini. Na hata walioruhusu waliweka masharti, ili asidai kila mtu kuwa ana haki akafungua kasha la mwenziwe.

Sisi twamnasihi kijana asiufungue mlango huo. Kwanza, atakuwa mdai na kadhi kwa wakati mmoja, na nafsi ikijihukumia haikosi kujipendelea: leo atachukua mia tano ya haki, kesho mia sita. Pili, tajiri aliyekuwa mdhalimu atageuka mdhulumiwa mbele ya watu, na kijana aliyekuwa na haki ataitwa mwizi. Tatu, sheria ya jinai ya nchi yahesabu wizi wa mtumishi kwa bwana wake kuwa ni kosa zito, na kifungo chake chaweza kufika miaka 7. Mwenye haki ya shilingi 60,000 asiiuze kwa bei hiyo. Haki idaiwe mchana, kwa jina lake.

Na nani atakayemsaidia kuidai mchana? Hapa ndipo lilipo shina la maneno yetu. Kabla ya kupewa utume, mtu wa Zabid katika Yemen alifika Makka na bidhaa, akamuuzia al-As bin Wail, mkubwa katika wakubwa wa Kureshi. Al-As akapokea bidhaa akakataa kulipa. Mgeni yule hakuwa na ukoo Makka. Akapanda mlima wa Abu Qubays, Kureshi wakiwa wamekaa karibu na Al-Kaaba, akapaza sauti akawaeleza alivyodhulumiwa. Baadhi yao wakaona haya, wakakutanika nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, wakaapa ya kwamba watakuwa mkono mmoja pamoja na mdhulumiwa mpaka arudishiwe haki yake, awe mwenyeji au mgeni. Kisha wakamwendea al-As, wakamlipa mtu wake. Mapatano hayo huitwa Hilf al-Fudul. Mtume wetu alihudhuria akiwa kijana, na baada ya utume alisema ya kwamba hangependa kuyabadilisha na ngamia wekundu, na lau angeitwa kwa mfano wake katika Uislamu angeitikia.

Tazama mambo matatu. Watu wale hawakumwambia mgeni asubiri. Hawakumuuliza kabila lake wala dini yake. Na katika maduka yetu wamo wafanyakazi wengi kutoka bara wasiokuwa Waislamu, na haki yao juu yetu ni ile ile, bali kuwadhulumu kwaongeza dhambi ya kuitia aibu dini. Na tatu, aliyeona haya pale Makka hakuwa mdai. Walioona haya ni wenye mji, kwa kuwa dhulma imefanywa kwao. Sisi tumeigeuza haya hiyo juu chini: tumemvika mdhulumiwa, na dhalimu na mji wake wote wakabaki nyuso kavu.

Wazee wetu, Mungu awahifadhi, mara nyingi hupelekewa mashauri haya, na mara nyingi jawabu lao ni, "Subiri, tutazungumza naye." Kuzungumza ni jambo jema, na Katiba ya mwaka 2010 yenyewe, katika kifungu cha 159, yahimiza suluhu na upatanishi. Lakini suluhu isiyo na tarehe ni kuahirisha. Nao wajue ya kwamba kwa sheria ya Kenya dai la ujira halisikizwi likifunguliwa baada ya kupita miaka 3. Mzee aliyemwambia mtu "subiri" mpaka muda ukapita, ameiua haki ile kwa mkono wake, ingawa nia yake ilikuwa ni amani. Mtume ametuamuru tumnusuru ndugu yetu awe dhalimu au mdhulumiwa, na kumnusuru dhalimu ni kumshika mkono.

Wako wasemao ya kwamba kumpeleka Muislamu mwenzio kwenye mahakama ya serikali ni aibu, na bora kwenda kwa kadhi. Twawajibu kwa upole: kifungu cha 170 cha Katiba kimewapa makadhi kuhukumu mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, baina ya Waislamu waliokubali. Ujira haumo. Kadhi aweza kunasihi, hawezi kumlazimisha tajiri kulipa. Na pahali pengi mdhulumiwa hana pengine pa kulazimishia ila hapo serikalini, wala si dhambi kuchukua haki yako kwa mkono uliowekwa kuitoa.

Basi hii ndiyo njia tunayoishauri. Mfanyakazi na aandike hesabu yake: siku aliyoanza, ujira waliopatana, alichopokea na lini, na kilichobaki. Aya ya 282 ya al-Baqara imetufundisha kuandika madeni, na leo hata risala za fedha katika simu ni ushahidi. Kisha amwendee tajiri wake faraghani, kwa maneno mazuri, na hesabu mkononi. Asipolipwa, amwendee pamoja na watu wawili waaminifu, na wanachokubaliana kiandikwe, kwa kiasi na kwa tarehe, na kitiwe sahihi. Tarehe ikivunjwa bila ya udhuru, aende Afisi ya Leba, ambako afisa humwita mwajiri na kutaka maelezo. Na jambo likishindikana, lifike mahakamani. Ipo Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, nayo inakaa Mombasa na Malindi pia. Na mahakimu waliowekwa kwa kazi hiyo husikiliza madai ya mtu ambaye mshahara wake hauzidi shilingi 80,000 kwa mwezi. Asijichoshe kwenda ile mahakama ya madai madogo, kwani mashauri ya kazi yametolewa humo.

Asiye na hati ya mapatano asivunjike moyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imemwekea mwajiri wajibu wa kuandika mapatano ya kazi ya miezi 3 au zaidi. Na akishindwa kuileta hati, mzigo wa kuthibitisha masharti ni wake. Na mwenye kukosa kulipa ujira aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa muda usiozidi miaka 2, au vyote viwili.

Katika kudai kwake, mfanyakazi naye ana mipaka. Katika Sura ya an-Nisaa, Mwenyezi Mungu amemruhusu aliyedhulumiwa kuutaja ubaya aliofanyiwa, lakini autaje kwa kadiri yake na kwa awezaye kumsaidia. Asiongeze shilingi moja juu ya hesabu. Asiwaingize mke na watoto wa tajiri. Asizitawanye siri za nyumba katika simu za watu. Mwenye haki akisema uwongo mmoja amempa mdhalimu ngao.

Na kwenu ninyi maimamu na wenye kamati: wekeni katika kila msikiti watu watatu wa kuaminika wa kusikiliza mashauri ya ujira, wawe na daftari, na kila shauri liwe na tarehe. Mwenye uwezo akikataa kulipa, msimpe cheo katika kamati, wala msilitaje jina lake kwa sifa siku ya futari. Hiyo itakuwa Hilf al-Fudul yetu, nayo haihitaji jengo wala mchango.

Na wewe tajiri, ndugu yetu, usidhani ya kwamba anayekudai ni adui yako. Miaka 3 ikipita mahakama ya dunia haitakuita. Lakini ile nyingine haina muda wa mwisho. Ukifa na deni lile, linatangulia warithi wako, na wanao hawana ruhusa ya kugawana mpaka kijana yule alipwe. Wakumbuke wale watu watatu walioingia pangoni, jiwe likawafungia. Mmoja wao alikuwa na mfanyakazi aliyeondoka bila ya kuchukua ujira wake. Aliufanyia kazi ujira ule mpaka ukawa mifugo mingi, na mwenyewe aliporudi kuudai, alimkabidhi yote, hata yule akadhani afanyiwa mzaha. Kwa amali hiyo aliomba, na jiwe likasogea. Yule aliyerudi kudai hakumkosea tajiri wake adabu hata kidogo. Alimletea, bila ya wote wawili kujua, dua itakayomfungulia mlango siku atakayofungiwa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie katika wenye kutoa haki kabla ya kudaiwa, na wenye kudai kwa ukweli, na wenye kusimama na mdhulumiwa mpaka apate chake. Wabillahi t-tawfiq.